Ukingo wa meza unameguka, unaungua na kutoka na mawimbi: tatizo ni ruta au utaratibu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Natengeneza meza ya sebuleni kwa ubao wa mkangazi. Uso wake ni sentimita 60 kwa 110, unene milimita 25. Nimenunua ruta (mashine ya kuchonga nakshi kwenye mbao) ndogo ya mkononi inayotumia biti, yaani visu vinavyozunguka, za shina la robo inchi, pamoja na biti ya umbo la S yenye beringi kwa ajili ya kupamba ukingo. Nimejaribu kwenye mabaki ya ubao uleule na kila mara napata kasoro tatu: pembe mbili zinameguka, pande za kichwa (zile fupi) zinatoka nyeusi kama zimebabuliwa, na pande ndefu zina mawimbi yanayoonekana nikiziangalia kwa mwanga wa pembeni. Je, mashine ni ndogo mno, au biti ni mbovu? Sitaki kugusa uso wa meza wenyewe mpaka nijue.

JIBU: Ruta yako inatosha. Biti nayo huenda ni nzima, na nitakueleza jinsi ya kuikagua. Dalili ulizotaja zinaelekea zaidi kwenye utaratibu: ulianza na upande upi, ulikata kina gani kwa mkupuo mmoja (kila unapopitisha ruta mara moja), na ulisukuma kwa mwendo gani. Mambo hayo yakikaa sawa, ruta ya wati 600 hutoa nakshi safi kabisa kwenye mkangazi. Yasipokaa sawa, ruta ya wati 2000 itaharibu ubao huohuo, tena kwa haraka zaidi.

Tuanze na pembe, maana hapo umenipa dokezo kubwa. Umesema zinazomeguka ni mbili, si nne. Hiyo ni alama ya mtu aliyemaliza pande ndefu kwanza kisha akaenda kwenye pande za kichwa. Upande wa kichwa biti hukata nyuzi za mbao kwa kuzikatiza. Inapofika mwisho wa upande, nyuzi za mwisho hazina kitu nyuma yake cha kuzishikilia, kwa hiyo badala ya kukatwa zinasukumwa nje na kung'oka na kipande. Kila upande wa kichwa una mwisho mmoja wa kutokea, ndiyo maana zinaumia pembe mbili tu.

Geuza mpangilio: kata pande zote mbili za kichwa kwanza, kisha pande ndefu. Biti za S za ukubwa wako kwa kawaida hula ubao milimita 8 hadi 12 kuelekea ndani, kwa hiyo kipande kilichomeguka kwenye pembe wakati wa kukata kichwa kitaondolewa chote na mkupuo wa upande mrefu, mradi hakikuzidi upana huo. Tatizo ni kwamba wakati mwingine mpasuko hushuka hadi chini ya mstari wa nakshi, kwenye sehemu bapa ambako beringi hutembea. Mpasuko huo hauwezi kufutwa na mkupuo wa upande mrefu. Kwa sababu hiyo mpangilio peke yake hautoshi kwenye uso wa meza uliokwisha gharimika. Funga kipande cha mabaki chenye unene uleule mwishoni mwa kila upande wa kichwa, kwa klampu, kikiwa kimegusana kabisa na ubao na kimelingana nao juu na mbele. Biti inatoka kwenye meza na kuingia moja kwa moja kwenye kipande hicho, na nyuzi za mwisho zinabaki zimeegemea kitu. Faida ya pili ni kwamba beringi ina mahali pa kuendelea kutembea, haizunguki pembe na kuila. Weka kipande kingine mwanzoni pia, kwa sababu hiyohiyo.

Sasa uelekeo wa kusukuma. Ukiwa umeshika ruta mkononi, biti inazunguka kama mishale ya saa ukiitazama kutoka juu. Simama ukiukabili ukingo, ruta ikiwa kati yako na ubao, uisukume kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa uso mzima wa meza maana yake unazunguka kinyume cha mishale ya saa. Ukikata ukingo wa ndani wa fremu, kama ya kioo au picha, unageuza na kufuata mishale ya saa. Ukisahau, fungua kiganja cha mkono wa kulia, kitazame chini, elekeza kidole gumba kwenye ubao. Kidole cha shahada kitakuonyesha njia. Kwenye meza ya ruta, ambako mashine imefungwa kichwa chini, mambo yanageuka: ubao ndio unaosukumwa, kutoka kulia kwenda kushoto.

Ukisukuma kwa uelekeo huo unahisi ruta ikikupinga kidogo, na biti inajivuta yenyewe kuelekea ubao hadi beringi iguse. Ukienda kinyume, biti inageuka gurudumu: inaparamia ubao, ruta inakurukia mbele na kukuponyoka, na nakshi inatoka imekatwakatwa. Wapo mafundi wanaotumia njia ya kinyume makusudi, kwa mkupuo mwembamba wa nusu milimita, mahali ambapo nyuzi zinachanika vibaya. Ni mbinu halali kwa mtu aliyezoea mashine yake, akiwa ameishika kwa mikono miwili na ubao umefungwa imara. Kwenye meza ya ruta usithubutu, kwa sababu kinachovutwa ni ubao, na vidole vyako vinafuata.

Pande za kichwa kuwa nyeusi. Kuungua ni joto la msuguano, na msuguano huzidi pale biti inaposugua badala ya kukata. Angalia hesabu. Biti ya meno mawili ikizunguka mara 20,000 kwa dakika inapiga ubao mara 40,000 kila dakika. Ukisukuma kwa mwendo wa mita 3 kwa dakika, kila jino linaondoa unene wa milimita 0.075. Hapo linakata, na joto kubwa linaondoka na maranda. Ukisukuma kwa mwendo wa sentimita moja kwa sekunde, kila jino linabakiwa na milimita 0.015 tu. Unene huo ni mdogo mno kwa jino kuushika vizuri. Linateleza juu ya mbao, linachemka na kuunguza. Pande za kichwa huathirika zaidi kwa sababu nyuzi zilizokatizwa ni ngumu kukata, mashine inalalamika, na fundi kwa huruma anapunguza mwendo. Kumbe huruma hiyo ndiyo inayounguza.

Mita 3 kwa dakika ni sentimita 5 kwa sekunde. Kwa hiyo upande wako wa kichwa wa sentimita 60 unatakiwa uuvuke kwa sekunde 12 hivi, na ule wa sentimita 110 kwa sekunde 22. Fanya zoezi la kutembeza ruta ikiwa imezimwa huku ukihesabu, mpaka mkono uzoee. Anza kusukuma kabla biti haijagusa ubao, na usisimame hata nusu sekunde katikati. Ukilazimika kusimama ili kuhamisha miguu au waya, vuta ruta nje ya ukingo kwanza. Mahali pa kubadili mshiko pawe pamepangwa kabla hujawasha.

Mwendo huo hauwezekani kama unajaribu kukata nakshi nzima kwa mkupuo mmoja, na nadhani hapo ndipo ulipokwama. Biti ya S inayoshuka milimita 12 kwenye mbao ngumu ni mzigo mkubwa kwa ruta ndogo. Gawa kazi. Shusha biti ikate milimita 4 hadi 5 na zunguka ubao wote. Shusha tena ifike milimita 8 au 9. Kisha hadi milimita 11.5. Mkupuo wa mwisho uondoe nusu milimita tu. Huo wa mwisho ndio unaofuta alama zote za kuungua na kuchanika za mikupuo iliyotangulia, na kwa sababu mzigo ni mdogo unaweza kwenda kwa mwendo sawasawa bila mashine kulegea. Kama ningekuwa na ushauri mmoja tu wa kukupa ningechagua huu: usikubali ukingo wowote wa nakshi umalizike bila mkupuo mwembamba wa mwisho.

Usishtuke kuona umbo lisilofanana na S katika mikupuo ya mwanzo. Biti yako inapanuka kadiri unavyopanda kuelekea kitako cha ruta, kwa hiyo kila inaposhuka inafuta kila kilichokatwa awali, na umbo halisi linajitokeza mwishoni. Biti za kutoa ushanga kamili ni tofauti. Hizo zina sehemu inayoingia ndani na kutoka tena, na ukizishusha kidogokidogo mkupuo wa kwanza utakula mgongo wa ushanga wenyewe. Kwa biti za aina hiyo kimo hupangwa mara moja, halafu mikupuo inagawanywa kwa kusogeza fensi (kiongozi kilichonyooka cha ruta), au kwa kuanza na beringi kubwa kisha kuweka ya kawaida.

Kasi ya mzunguko nayo ina sehemu yake. Ruta nyingi ndogo hufika mizunguko 30,000 kwa dakika, na wengi huziachia hapo wakidhani kasi kubwa ni ukingo safi. Kinachotakiwa kuangaliwa ni kasi ya ncha ya jino, nayo hutegemea kipenyo cha biti. Biti ya kipenyo cha milimita 30 kwa mizunguko 30,000 ncha yake inakwenda mita 47 kwa sekunde. Kwa 20,000 inakwenda mita 31. Kwa biti za hadi milimita 25 tumia mizunguko 22,000 hadi 24,000. Zaidi ya hapo hadi milimita 50 shuka kwenye 18,000 hivi. Na zile pana za milimita 60 kwenda juu ni za ruta kubwa iliyofungwa mezani, kwa 16,000 au pungufu. Ya kwako ikiwa na milimita 28 hadi 32, 20,000 inafaa. Soma pia kiwango kilichochapwa kwenye shina au kwenye kasha lake, na usikivuke.

Tukija kwenye biti yenyewe, ichomoe na uitazame makali kwenye mwanga mkali. Jino kali halionyeshi mstari; jino butu lina uzi mwembamba unaong'aa kwenye ncha, maana pale palipochakaa pamekuwa bapa na panaakisi mwanga. Angalia pia kama kuna utomvu mweusi uliogandamana nyuma ya makali. Utomvu unaifanya biti mpya iunguze sawa na biti iliyochakaa, na watu wengi wameitupa biti nzuri kwa sababu hiyo. Fungua skrubu ndogo, toa beringi uiweke pembeni, paka biti dawa ya kuondolea mafuta ya jikoni, iache dakika 10 hadi 15, isugue kwa mswaki wa zamani, suuza na ukaushe. Beringi isiloweshwe kwenye dawa, kwani grisi yake ya ndani itayeyuka. Izungushe kwa kidole: ikikwama au ikikwaruza, nunua nyingine. Beringi iliyokwama haitembei juu ya ubao, inazunguka pamoja na biti na kuchora mstari mweusi chini ya nakshi. Kwa hiyo kama weusi wako ni mstari mwembamba ulionyooka, chini kabisa ya S, shuku beringi kabla ya jambo lingine lolote.

Biti iwe yenye meno ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma. Zile za chuma tupu hukata vizuri zikiwa mpya, lakini gundi iliyo ndani ya plaiwudi na emudiefu (MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) huzimaliza makali upesi sana. Kabaidi iliyoanza kulegea unaweza kuirudishia kwa jiwe la almasi, ukinoa uso bapa wa jino peke yake, idadi sawa ya misuguo kila jino. Usiguse mgongo wenye umbo. Ukiugusa, nakshi imeshabadilika.

Mawimbi ni suala linalotaka macho, kwa sababu yapo ya aina kadhaa na kila moja ina chanzo chake. Pima umbali kati ya wimbi na wimbi. Yakiwa ya karibukaribu, ya milimita moja au mbili, yaliyolingana, hayo ni mtetemo: unasukuma kwa haraka kuliko mashine inavyoweza kukata, au shina limetoka nje mno ya koleti (sehemu ya ruta inayokaza shina la biti), au koleti yenyewe imechakaa. Yakiwa mapana, ya sentimita kadhaa na yasiyo na mpangilio, chanzo ni ukingo wenyewe. Na kama kidato cha juu cha nakshi kinapanuka hapa na kusinyaa pale, ruta ilikuwa inainama.

Nadhani ya kwako ni aina ya pili, kwa sababu mabaki kwa kawaida hutoka kwenye msumeno na kwenda moja kwa moja kwenye majaribio. Beringi haina akili ya kunyoosha. Inafuata kila bonde la msumeno, kila tone la gundi lililokauka, hata chembe ya maranda iliyogandamizwa njiani, na kulihamishia kwenye nakshi. Ukingo upigwe randa mpaka unyooke na ukae pembe mraba na uso, kisha msasa namba 120 na 150 uliofungwa kwenye kipande cha ubao bapa, kabla ruta haijawashwa. Pitisha ukucha kwa urefu wote. Chochote ukucha unachokihisi, beringi nayo itakihisi. Na ukingo ukiwa na tundu au ufa, ujaze kwanza, la sivyo beringi itatumbukia na biti itachimba shimo mahali pasipokuwa na dawa.

Beringi inahitaji pia mahali pa kutembelea. Ubao wako wa milimita 25 ukitoa milimita 12 za nakshi unabaki na 13 za bapa, na beringi ndogo ina kimo cha kama milimita 5, kwa hiyo uko salama. Unaweza hata kuviringa ukingo wa chini kwa milimita 3 na bado ubaki na 10. Anayeviringa juu na chini kwa nusu kipenyo cha milimita 9 kwenye ubao wa 18 ndiye anayeumia: baada ya upande wa kwanza, nusu ya ukingo imekwisha, na upande wa pili beringi haina kitu cha kuegemea. Hapo inabidi kutumia fensi ya ruta, au kigezo kilichonyooka kilichobandikwa upande wa pili wa ubao.

Kuinama kwa ruta hutokea kwa sababu unapokata ukingo zaidi ya nusu ya kitako iko hewani, na kwenye pembe karibu robo tatu. Mkono mmoja ukandamize sehemu ya kitako iliyo juu ya ubao muda wote. Mkono wa pili usukume tu, usibonyeze. Kwa ruta ndogo ninapendekeza utengeneze kitako kirefu cha upande mmoja: kipande cha plaiwudi au plastiki ngumu cha milimita 6 hadi 9, upana wa sentimita 15, urefu wa 30, chenye tundu la biti karibu na ncha moja na kishikio kwenye ncha ya pili. Toboa matundu ya skrubu kwa kutumia kitako cha asili kama kigezo, na kichwa cha kila skrubu kizame chini ya uso kisichubue meza. Kazi ya saa moja, na ruta ndogo inakaa imara kuliko kubwa. Kumbuka tu kwamba unene wa kitako unakula urefu wa biti uliobaki chini, hivyo kisiwe kinene kupita mahitaji. Kushuka huko usikufidie kwa kulichomoa shina kutoka kwenye koleti.

Hapa kwenye koleti tusimame kidogo, maana makosa yake ni ya hatari. Chomoa waya kwenye umeme. Ingiza shina hadi liguse chini, kisha livute nje milimita 2 au 3 ndipo ukaze. Koleti inapokazwa huvuta biti ndani kidogo. Kama shina limeshagusa chini haliwezi kuvutwa, unadhani umekaza kumbe bado, na katikati ya kazi biti inaanza kutoka yenyewe na nakshi inazidi kina. Angalau milimita 20 za shina ziwe ndani, na ule mviringo unaounganisha shina na kichwa cha biti usiingie kwenye koleti. Jambo lingine: robo inchi ni milimita 6.35. Biti ya shina la milimita 6 itaingia kwenye koleti hiyo na itaonekana kama imekaza, lakini haijashikwa. Vivyo hivyo shina la milimita 12 kwenye koleti ya nusu inchi, ambayo ni 12.7. Usichanganye kamwe. Koleti ifutwe vumbi na utomvu kila unapobadili biti, na ikionyesha michubuko ya kahawia ndani au ikiacha mikwaruzo kwenye shina, ibadilishwe.

Siku ukinunua ruta kubwa, chukua biti za shina la nusu inchi. Kwa urefu uleule shina hilo linapinga kupinda mara 16 zaidi ya robo inchi, kwa kuwa ukakamavu wa fimbo hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo: kipenyo kikiwa mara mbili, ni 2 × 2 × 2 × 2. Mtetemo mwingi wa biti pana unaishia hapo. Kwa kazi hii moja, shina lako linatosha.

Mkangazi una tabia moja ya kuangalia kwenye pande ndefu. Mara nyingi nyuzi zake hupishana, ukanda mmoja zikielekea huku na unaofuata kule, kwa hiyo utaona sehemu inatoka laini na sentimita 20 mbele inachanika, ingawa hujabadili chochote. Usijaribu kuisahihisha kwa kurudiarudia palepale kwa kina kilekile. Mikupuo ya kati ipunguze hadi milimita 2 kwenye eneo hilo, na uache mkupuo wa mwisho ufanye kazi yake. Kama bado panachanika, hapo ndipo ule mkupuo wa kinyume wa nusu milimita unapostahili, ikiwa umeshaufanyia mazoezi kwenye mabaki.

Siku ya kazi yenyewe, laza uso wa meza ukiwa umetokeza nje ya benchi kwa sentimita 10 upande unaokatwa, ili biti na nati ya koleti visigonge benchi. Klampu ziwe mbali na njia ya kitako. Tembeza ruta ikiwa imezimwa mzunguko mzima uone kama kuna chochote kinachozuia, waya ukiwemo. Pitisha mikupuo yote kwenye kipande cha mabaki kwanza, chenye ukingo uliopigwa randa kama wa meza, na ukipenda kilichotoka, usiguse tena kipimo cha mwisho cha kina mpaka uso wote uishe. Zunguka ubao wote kwa kila kina, vichwa kwanza, ndipo ushuke kina kinachofuata. Ukimaliza upande wa kwanza wa kichwa kwa vina vyote kisha uanze kurekebisha upya kwa upande wa pili, pembe hazitakutana.

Vaa miwani ya kinga na viziba masikio, kwa kuwa kelele ya ruta hupita desibeli 85 kwa urahisi. Glavu usivae, zinaweza kukamatwa na biti. Barakoa ya N95 au FFP2 ni ya lazima hata kama unafanya kazi nje: vumbi la mbao limo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani katika orodha ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, tangu 1995, na vumbi la ruta ni laini, hukaa hewani muda mrefu.

Ikitokea pembe ikameguka kwenye meza yenyewe, zima mashine na utafute kile kipande sakafuni kabla hujafagia. Kikipatikana, kibandike kwa gundi ya mbao, kifunge kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa wapaka rangi, mpaka kesho yake, kisha pitisha mkupuo wa mwisho, mshono hautaonekana. Kisipopatikana, piga randa upande mzima milimita 2 au 3 na urudie nakshi yake. Uso utapungua upana kidogo, hakuna atakayejua.

Nakshi ikitoka vizuri haihitaji msasa mwingi, na mwingi huiharibu kwa kuviringa vidato ambavyo ndivyo uzuri wake. Tumia namba 180 iliyofungwa kwenye kijiti cha duara kwa sehemu iliyobonyea, na kipande kilichokunjwa mara tatu kwa sehemu iliyotuna. Usiguse kona kali za vidato isipokuwa kwa mpapaso mmoja wa mwisho. Pande ndefu ziishie 180 na za kichwa uziendeleze hadi 240. Nyuzi zilizokatizwa hunywa rangi na vanishi kuliko za pembeni, na zikiachwa na msasa sawa hutoka nyeusi zaidi, kiasi cha mtu kudhani ni zile alama za kuungua. Kabla ya vanishi, vipake vichwa peke yake mkono mmoja wa vanishi iliyozimuliwa nusu kwa nusu, ikauke, upapase kwa 240, ndipo upake meza nzima.